Nyota ya Bega la Kushoto

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Baltazari Makongoro akiwa amechuchumaa anachomelea geti la mchungaji, kwa hiyo hakuusoma mpaka alipovua miwani yake myeusi. Ulikuwa umetumwa kwenye kundi la maofisa wa jeshi la akiba wilayani Butiama. Gwaride la kufunga mafunzo ya mgambo lingefanyika Jumamosi ya wiki ya pili. Kamanda wa gwaride ni Luteni Clever Manyama. Msaidizi wake ni Luteni Baltazari Makongoro.

Aliusoma tena, akazima mashine, akaingia ndani kumtafuta mkewe Eufrasia.

"Hebu soma wewe, Mama Yuliana. Macho yangu bado yana moto."

Eufrasia alisoma, kisha akakalia gunia la mihogo mikavu lililokuwa limesimama karibu na mlango.

"Clever huyu? Huyu wetu?"

"Unamjua mwingine?"

"Sasa wewe utakuwaje chini yake? Wewe ulikuwaga luteni, yeye bado anakimbizana na mtihani wa kidato cha nne!"

"Wao wanasema mimi nimekuwa luteni elfu mbili ishirini na moja. Yeye kumi na sita."

"Na kumi na moja yako imeenda wapi?"

Baltazari alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, ule wa saluti, kama mtu anayetazama mbwa wake aliyeng'ata jirani.

Nyumba nyingine yoyote pale Kiabakari ingecheka, ikala ugali, ikalala. Lakini katika ukoo wa kina Makongoro kuna jambo ambalo hata walevi wanajihadhari nalo: baba mkwe hamtangulii mkwewe kwa salamu. Mkwe ndiye anayesalimu kwanza, tena kwa mbali, kofia ikiwa mkononi. Baba mkwe akitangulia, maana yake anasema, "Nirudishie mtoto wangu, njoo uchukue ng'ombe zako." Ndoa imekwisha hapo hapo, hakuna kikao wala shauri. Babu yake Baltazari aliwahi kumtangulia mkwewe kilabuni, kwa pombe tu na moyo wa ukarimu, na kabla jua halijatua binti yake alikuwa amesharudi na godoro kichwani.

Clever alimwoa Yuliana, binti pekee wa nyumba hii. Alikuwa afisa mifugo wa Bunda, na mambo yakaenda salama kwa sababu Bunda ni Bunda na Butiama ni Butiama, kila mmoja na gwaride lake. Mwaka huu akahamishiwa Butiama. Na jeshini, kila mtoto anajua, mdogo, hata kama ni kwa tarehe ya cheo tu, ndiye anayempigia mkubwa saluti kwanza.

"Saluti siyo salamu," Eufrasia alijaribu. "Ni kazi tu."

"Kama siyo salamu ni nini? Najikuna sikio?"

"Basi usiende. Au acha kabisa hayo mambo ya mgambo. Wanakulipaga nini?"

"Na miaka yangu kumi nimwachie nani?" Baltazari alisema kwa hasira. "Nimelinda masanduku ya kura, nimezima moto wa msituni, nimetoa maiti kwenye mashimo ya dhahabu. Halafu nionekane nimeanza juzi?"

Kesho yake alivaa shati jeupe, akaenda Musoma.

*

Ofisi aliyoelekezwa ilikuwa na mlango wa kijani na benchi lenye mguu mmoja uliofungwa waya. Karani wake alikuwa Bi Sabiha, mtoto wa fundi cherehani wa pale mjini, mwanamke mpole ambaye upole wake ndio uliowachosha watu zaidi.

"Mzee wangu, tarehe ya cheo ni siku ya kuvishwa. Siyo ya kutangazwa."

"Nilitangazwa mbele ya watu, kwa kipaza sauti."

"Wanaotangazwa ni wengi. Nani alikuvisha?"

"Mgeni rasmi hakunivisha."

"Alikataa?"

"Mimi ndiye niliyeondoka."

Bi Sabiha aliweka kalamu chini. "Hebu nieleze vizuri, mzee wangu."

Mwaka ule mgeni rasmi alikwama njiani, akaomba awakilishwe na diwani mmoja wa viti maalumu kutoka Bunda, mama mwenye heshima zake. Baltazari alikuwa amesimama mguu sawa, macho mbele, anasubiri nyota mpya mbili, moja kila bega. Ndipo akaona viatu vya mgeni rasmi vinakuja juu ya majani. Vilikuwa vyekundu, vyenye kishikizo cha shaba. Akavitambua, kwa sababu ni yeye aliyevinunua Krismasi, akampa Eufrasia ampelekee mama yake. Mgeni rasmi alikuwa mama mkwe wake.

Na kwa kina Makongoro mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawasemeshani ila kwa mtu wa katikati. Baltazari akapiga nyuma geuka safi kuliko zote za maisha yake, akaondoka kwa mwendo wa gwaride mpaka nyuma ya choo cha shule. Watu wakampigia makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa.

Nyota moja ilibaki kwenye sinia, wakamletea jioni ndani ya bahasha ya sadaka. Ya pili ilikuwa tayari mkononi mwa mgeni rasmi, ikaondoka naye Bunda. Kwa kuwa Baltazari ni fundi, alijikatia nyingine kwenye kipande cha shaba, akaisugua na jivu, akajivalisha mwenyewe mbele ya kioo. Ilitoka kubwa kidogo kuliko wenzake. Kwa miaka yote hiyo bega lake la kushoto lilikuwa na cheo kikubwa kuliko la kulia. Mwaka wa ishirini na moja mkubwa mmoja mgeni alikuta faili halina kumbukumbu ya kuvishwa, akamvisha harakaharaka mlangoni pa stoo ili faili lifungwe. Baltazari hakujali. Alidhani ni mambo ya makaratasi tu.

Bi Sabiha alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Nakuelewa," alisema alipoweza. "Hata kwetu mkwe ni mkwe. Basi lete maelezo ya huyo aliyepaswa kukuvisha, yenye sahihi yake. Halafu ombi lako lipitie kwa mkubwa wako wa karibu."

"Mkubwa wangu wa karibu ni nani?"

Akatazama kompyuta. "Luteni Clever Manyama."

"Huyo ndiye mkwe wangu."

"Basi rahisi, ni mtu wa nyumbani! Unaingia ofisini kwake, unapiga saluti, unamkabidhi."

"Yaani ili nisimpigie saluti, lazima kwanza nimpigie saluti?"

"Moja tu, mzee wangu," alisema Bi Sabiha kwa upole.

*

Bibi Matrida, mama yake Eufrasia, aliwapokea nyumbani kwake Bunda kwa utaratibu wa siku zote. Yeye alikaa sebuleni nyuma ya pazia. Baltazari alikaa barazani juu ya kigoda, mgongo kwa nyumba, uso kwa barabara. Eufrasia alisimama mlangoni kuwapitishia maneno, ingawa kutoka pazia hadi kigoda mtu angeweza kumpasia mwenzake chumvi.

"Mwambie mama nimekuja kwa heshima," Baltazari aliiambia barabara.

"Anasema amekuja kwa heshima."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Muulize hiyo heshima siku ile alikuwa ameiacha wapi."

"Anauliza—"

"Mwambie heshima ndiyo iliyonikimbiza."

Kuku aliingia, akatoka. Kisha Bibi Matrida akaongea, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu aliyebeba kitu muda mrefu.

"Mwambie nilisimama pale na nyota mkononi kama muuza karanga aliyekimbiwa na mteja. Mwambie nilikuwa nimesuka. Nilikuwa nimefurahi kwamba wa kwanza nitakayemvisha ni mtoto wangu. Bunda yote walisema, diwani gani huyu, mkwe wake mwenyewe kamgeuzia mgongo mbele ya watu? Akina mama hawakunirudisha tena kwenye udiwani. Mwambie."

Eufrasia hakumwambia. Alikuwa analia, na kwa kuwa mtu wa katikati analia, wale wawili hawakuwa na njia ya kusemezana. Wakakaa hivyo, mmoja anatazama pazia, mwingine anatazama bodaboda zinapita. Baltazari aliona aibu hadi masikioni. Hakuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wa mgongo wake kulikuwa na mtu.

"Mwambie mama anisamehe," alisema mwishowe. "Mwambie sikujua."

"Karatasi yake nitaiwekea sahihi," akajibu Bibi Matrida kabla Eufrasia hajafuta pua. "Lakini nyota yake ninayo na simpi. Nyota haitolewi mlangoni kama chenji. Ataipata siku nitakayomvisha."

*

Ombi lilipelekwa kwa Clever kwa njia ya jikoni. Eufrasia alimpa Yuliana, Yuliana akamwekea mumewe kando ya sahani ya sato, na Clever, ambaye tangu ule ujumbe alikuwa akimwona mzee sokoni anajitupa kwenye duka lolote lililo karibu, hata la majeneza, aliweka sahihi kabla hajanawa mikono. Yuliana akalirudisha mwenyewe Kiabakari, tumbo la mimba limetangulia, na Baltazari akalipeleka Musoma.

Siku ya pili Bi Sabiha alipiga simu. "Mzee wangu, wamekataa. Wanasema halikukabidhiwa rasmi. Tena lina samaki."

"Nifanyeje?"

"Likabidhi upya, mzee. Ila majibu yatatoka baada ya gwaride."

Yuliana alikuwa amesimama karibu, anasikia yote. Hakuwa mtoto wa kulialia.

"Baba, nikuulize. Ukinyanyua huo mkono Jumamosi, mimi nalala wapi? Chumba changu mmeweka mitungi ya gesi."

"Mwanangu, sitanyanyua."

"Usiponyanyua unawekwa ndani kwa utovu wa nidhamu, na anayetakiwa kukuweka ni mume wangu. Mume wangu akimfunga baba yangu, hiyo nayo ni ndoa?"

"Na ng'ombe zenyewe hatuna za kurudisha," akaongeza Eufrasia. "Yule mwenye pembe moja tulimchinjaga msibani."

"Mama, mimi nazungumzia maisha yangu, wewe unazungumzia ng'ombe!"

Baltazari alitoka nje. Alilala macho wazi usiku wa Ijumaa, na asubuhi alizisugua nyota zake kwa jivu, ile kubwa mara mbili.

*

Uwanja ulijaa. Wahitimu wa mgambo walikuwa wamejipanga na sare zinazowapwaya, bendi ya shule ilikuwa chini ya turubai, na jukwaani mgeni rasmi alikuwa ameshafunguliwa soda. Clever alisimama katikati akiwa na kipaza sauti kidogo kwenye ukosi ili amri zake zisikike hadi barabarani. Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu anayepika.

Kazi ya msaidizi ni ndogo. Anapanga gwaride, anatembea hadi kwa kamanda, anapiga saluti, anasema, "Afande, gwaride tayari." Baltazari alipanga gwaride. Akatembea. Alipokuwa anakaribia akamwona Yuliana mstari wa mbele wa watazamaji, na pembeni yake begi la safari lililovimba, na juu ya begi godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Alikuja nalo kabisa, kusudi asisumbuke kulifuata.

Baltazari alisimama mbele ya mkwewe, kisigino kikalia. Mkono haukunyanyuka. Uwanja ukasubiri. Mgeni rasmi akaacha kunywa. Baltazari aliwaza nyuma geuka, maana hiyo anaiweza, lakini akamkumbuka mwanamke aliyeachwa na nyota mkononi, na miguu ikakataa. Akasimama tu.

Clever alilitazama godoro. Kisha mkono wake yeye, kamanda, ukapanda mpaka kwenye kofia.

"Shikamoo, baba," alisema, na kipaza sauti kikaipeleka salamu hiyo Butiama yote.

"Marahaba," akajibu Baltazari kwa mazoea, naye akapiga saluti. Kujibu si kutangulia.

Wahitimu walikuwa wamefundishwa wiki nzima kwamba kamanda akipiga saluti nao wapige, kwa hiyo mikono mia na zaidi ikapanda. Bendi ikaona mikono, ikajua ndiyo ishara, ikaanza kupiga. Mgeni rasmi akasikia bendi, akasimama wima na soda yake. Walio jukwaani wakasimama kwa sababu yeye amesimama, na watoto wa shule wakapiga saluti kwa sababu ilionekana ni jambo zuri. Mshereheshaji akatangaza kwamba sherehe zimefungwa rasmi. Watu wakaenda kula pilau kabla gwaride halijaanza.

Yuliana alibeba godoro lake akarudi nyumbani kwa mumewe.

*

Majibu yalikuja kwa simu ya Bi Sabiha. Wakubwa walikuwa wamekaa. Ombi la Luteni Baltazari la kurudishiwa mwaka wa kumi na moja limekataliwa. Hata hivyo imeonekana uwanjani, mbele ya mashahidi wengi, kwamba Luteni Clever alitangulia kupiga saluti. Anayetangulia ndiye mdogo. Hivyo kumbukumbu zinarekebishwa zilingane na ukweli, na tarehe ya cheo cha Luteni Clever sasa ni siku ya gwaride.

"Kwa hiyo wewe ndiye mkubwa, mzee wangu. Hongera."

Eufrasia alipiga kigelegele kimoja, akakikatisha. "Na yeye miaka yake?"

"Imepotea," akasema Baltazari.

Baada ya muda Clever alikuja Kiabakari akiwa na sare kamili. Alisimama nje ya uzio, akavua kofia akatoa shikamoo ya mkwe, akaivaa tena akapiga saluti ya afande, akamkabidhi Baltazari karatasi kwa mikono miwili. Lilikuwa ombi la kurekebishiwa tarehe ya cheo. Kozi ya ukapteni ilikuwa inakuja, na mtu aliyekuwa luteni tangu majuzi hapelekwi kozi. Ombi lilitakiwa lipitie kwa mkubwa wake wa karibu.

Alipoondoka, Eufrasia aliivuta ile karatasi.

"Usiweke sahihi. Hivi tulivyo ni salama. Yeye anakupigia saluti, mtoto yuko kwake, mjukuu anakuja. Ukisaini, mwezi ujao tutakuwa palepale na godoro."

"Najua."

"Sasa?"

Baltazari alikaa kwenye kigoda chake cha kuchomelea. "Mimi niliacha miaka kumi kwa ajili ya mkwe, sikurudishiwa hata mmoja. Huyu ameacha yake yote kwa ajili yangu. Nimnyime?" Akaweka sahihi, kubwa, inayosomeka. Kisha akaomba karatasi nyingine, na hiyo akaiandika yeye: anaomba kustaafu. "Raia hampigii mtu saluti," alimwambia mkewe, akacheka, lakini ule mkono wa saluti aliuficha mfukoni, na Eufrasia akaona, akashindwa kumtania.

Bi Sabiha akapiga tena. "Mzee wangu, anayestaafu anavuliwa nyota na aliyemvisha. Na wewe kwenye faili una wawili, wa stoo na yule mama. Wa stoo tulishamzika."

"Kanuni hiyo ipo kweli?"

"Mzee wangu, nimekaa hapa muda mrefu. Kanuni zote zipo."

*

Bibi Matrida alikuja kwa bodaboda kutoka Bunda, amesuka, na miguuni ana viatu vyekundu ambavyo sasa kishikizo kimoja kilikuwa uzi. Uani walikuwepo Eufrasia, Yuliana na tumbo lake, na Clever kwa mbali, nje ya uzio. Baltazari alisimama mguu sawa na sare yake, macho kwenye ukuta wa choo. Aliposikia bodaboda ikizimwa akageuka haraka, mgongo kwa mgeni, akafumba macho kwa usalama zaidi.

"Mwambie asitembee," Bibi Matrida alisema.

"Anasema usitembee."

"Sitembei."

Eufrasia akaleta kigoda, mama yake akapanda juu yake nyuma ya Baltazari. Alikuwa anahema. "Mwambie siwezi kumvua nisichomvisha. Kwanza nimvishe." Akaing'oa ile nyota kubwa ya bega la kushoto, ya shaba ya kujikatia, akampa Yuliana aishike. Akafungua fundo la khanga, akatoa nyota ndogo iliyong'aa kwa kusuguliwa miaka yote hiyo, akaibandika pale pale kwenye kitambaa cha bega, kwa vidole viwili. Hakugusa ngozi. Hakuona uso.

Baltazari Makongoro akawa luteni kamili, mabega yote sawa, kwa muda wa kumenya ndizi. Kisha mama mkwe akaanza kuzivua moja moja, akaziweka ndani ya bahasha ya sadaka.

Clever alivua kofia kule uzioni. "Shikamoo, baba."

Baltazari aliiacha ile salamu ining'inie kidogo, kama mtu mwenye haki nayo. "Marahaba, mwanangu."

Nyuma yake Bibi Matrida alikuwa bado juu ya kigoda, anautazama ule mgongo mpana na mabega matupu, na mkono wake ulikuwa umebaki juu ya kitambaa.

"Eufrasia," akasema. "Mwambie mume wako siku ile aligeuka vizuri kabisa. Mabega yote mawili yalikuwa mbele yangu, nayafikia. Kosa lake aliondoka."

Eufrasia akafungua mdomo apitishe maneno, akakuta Baltazari ameshayasikia, maana mabega yalikuwa yanamtikisika, na hakuna aliyethubutu kuzunguka mbele kuangalia kama anacheka.